Teknolojia ya Jukwaa ni ya Nani? Tahakiki ya Safari za Wasanii wa Chuo Kikuu

UTANGULIZI

Chombo chochote anachokitumia binadamu kubadili mazingira yake ni teknolojia. Na kila teknolojia hubeba ndani yake uhusiano wa watu: nani anaiunda, nani anaimiliki, nani anafaidika nayo, na nani anajua kuitengeneza inapoharibika. Maswali haya makada wamezoea kuyauliza juu ya plau, trekta na kinu cha kuchambua pamba. Mara chache tunayauliza juu ya jukwaa, kana kwamba sanaa za maonyesho ziko nje ya uchumi na nje ya siasa.

Makala haya yanahusu jambo ambalo kwa mtazamo wa haraka huonekana dogo: idara ya sanaa za maonyesho ya chuo kikuu inapopeleka walimu na wanafunzi wake kwenye mkutano wa kimataifa wa teknolojia ya jukwaa. Je, safari hiyo ni maendeleo, ni anasa, au ni njia mpya ya utegemezi? Jibu tunalolitetea hapa ni kwamba safari yenyewe haina dhambi wala utakatifu. Thamani yake hupimwa kwa mambo mawili: msafiri ameondoka na swali gani, na amerudi kwa nani.

TUKIO LA UWANJANI

Mwandishi wa makala haya ni mkufunzi wa siasa, na kwa sehemu kubwa kazi yake imekuwa katika eneo la Lagangabilili, wilaya ya Itilima, mkoa wa Simiyu. Miaka michache iliyopita alishuhudia kikundi cha wanafunzi wa sanaa kutoka chuo kimoja kikuu kikija kuonyesha mchezo hapa baada ya mavuno. Vijana wale walikuwa na bidii na adabu. Walikuja na jenereta, spika mbili kubwa, vipaza sauti na taa za rangi. Mchezo wao ulikuwa juu ya haki ya mtoto wa kike kusoma, jambo linalotugusa sana sisi watu wa Simiyu.

Watu walijaa. Baada ya muda mfupi jenereta ilikohoa na kuzima. Wanafunzi wakasimama. Mmoja alikimbilia nyaya, wa pili akatafuta petroli, wa tatu akawaomba radhi watazamaji kwa sauti ambayo haikufika mstari wa tano. Mchezo ulikatika. Watazamaji walingoja kwa heshima, kisha akina mama waliokuwa pembeni wakaanzisha wimbo wa kupokezana. Dakika chache baadaye uwanja mzima ulikuwa ukiitikia, na hakuna aliyehitaji kipaza sauti. Wanafunzi wale, waliokuja kutufundisha, walikaa chini ya lori lao wakisikiliza.

Jambo hili lisichukuliwe kuwa ni dhihaka kwa vijana. Jenereta huharibika popote. Kosa ni kwamba mchezo wao wote ulikuwa umetundikwa juu ya jenereta, kama koti juu ya msumari. Msumari ulipong'oka, koti likaanguka. Na aliyewafundisha kutundika hivyo siyo wao. Ni mfumo wa elimu unaoamini kwamba jukwaa huanza pale umeme unapoanza.

MWAKA 1967 NA NJIA MBILI

Historia inatupa sadfa moja yenye mafunzo. Mwaka 1967 Azimio la Arusha lilitangazwa, na katika mwaka huo huo Mwalimu Nyerere alitoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea. Mwaka huo pia masomo ya sanaa za maonyesho yalianza katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kilichokuwa bado sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Na huko Prague, katika Chekoslovakia ya wakati ule, maonyesho makubwa ya kimataifa ya ubunifu wa jukwaa yalifanyika kwa mara ya kwanza. Yalipangwa yawe kila baada ya miaka minne, na yanaendelea hadi leo. Mwaka uliofuata, 1968, mjini humo humo, liliundwa shirika la kimataifa la wabunifu, wasanifu majengo na mafundi wa majukwaa ambalo leo linajulikana kwa kifupi kama OISTAT. Marekani nayo ilikuwa na chama chake, USITT, tangu mwaka 1960, chenye mkutano wa kila mwaka.

Tunayataja haya ili tusiseme ovyo kwamba mikutano hii ni mali ya mabepari peke yao. Prague ilikuwa mahali ambapo fundi wa Mashariki na fundi wa Magharibi waliweza kutazamana kazi zao wakati siasa za dunia zimewatenganisha. Mbunifu mashuhuri kuliko wote wa mji ule, Josef Svoboda, alijifunza kwanza useremala katika karakana ya baba yake. Mtu aliyeshangaza ulimwengu kwa kuchanganya picha za sinema na waigizaji hai, katika maonyesho ya Brussels ya mwaka 1958, alianza na randa na msumeno. Maarifa yake yalikua kutoka katika ufundi wa kwao, na ulimwengu ukaja kumwangalia.

Lakini tusifumbe macho kwa upande wa pili. Mkutano wa teknolojia ya jukwaa ni darasa, na pia ni soko. Kando ya vyumba vya mihadhara kuna ukumbi wa wauzaji: taa zinazozunguka zenyewe, kompyuta za kuongozea mwanga, mitambo ya kuinua mandhari, mitambo ya sauti. Mjumbe kutoka nchi changa hupita katikati ya vitu hivyo akiwa na daftari. Asipokuwa na swali lake mwenyewe, atarudi na orodha ya bei. Orodha hiyo itageuzwa kuwa andiko la kuomba fedha, andiko litapelekwa kwa mfadhili, na mfadhili akikubali, vifaa vitakuja bila fundi, bila vipuri na bila fungu la matengenezo. Hapo ndipo utegemezi unapoota mizizi. Ukoloni mamboleo hauji na bunduki kila mara. Wakati mwingine huja na taa nzuri ambayo balbu yake haipatikani Bariadi wala Mwanza.

TULIWAHI KUSAFIRI VIZURI

Baadhi ya wananchi watauliza: je, basi tusisafiri? Jibu limo katika historia yetu wenyewe. Katikati ya miaka ya 1960 taifa letu lilipeleka vijana China kujifunza sarakasi. Waliporudi, Kikundi cha Taifa cha Sarakasi kiliundwa mwaka 1969. Hawakurudi na makontena ya mitambo. Walirudi na maarifa yaliyo mwilini: mizani, pumzi, nidhamu, namna ya kumfundisha mwenzako. Vikundi vya taifa vya sanaa vilikuja kuvunjwa mwishoni mwa miaka ya 1970, na mwaka 1981 Chuo cha Sanaa Bagamoyo kikaanzishwa. Lakini sarakasi haikufa pamoja na kikundi. Ilienea mitaani, na hadi leo vijana wasio na mshahara wala ukumbi huicheza juu ya mchanga. Teknolojia iliyoingia mwilini mwa watu haizimwi na jenereta.

Uko pia mkutano wa aina nyingine kabisa ambao makada wanapaswa kuufahamu. Mwaka 1983, huko Murewa nchini Zimbabwe, watu wa maonyesho kutoka nchi mbalimbali za Afrika walikutana katika warsha ya sanaa za maonyesho kwa maendeleo. Hawakujifungia hotelini. Waligawanyika vijijini, wakafanya kazi na wanakijiji, wakatunga pamoja nao. Ukumbi wa mkutano ulikuwa kijiji.

Na karibu na hapa, huko Malya, wilaya ya Kwimba, katika Usukuma huu huu, wasomi wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, miongoni mwao Penina Mlama, walifanya kazi na vijana wa kijiji katika miaka ya 1982 na 1983. Walichunguza matatizo pamoja na wenyeji, likiwamo la wasichana kupata mimba wakiwa shuleni. Wakayachambua, wakayatungia maonyesho kwa kutumia ngoma na michezo ya hapo hapo, kisha wakafungua mjadala. Chombo kikuu cha kazi ile kilikuwa duara la watu. Chuo kilikuja kujifunza jinsi watu wanavyoonyesha, kikaongeza juu yake uchambuzi. Huo ndio mkutano wa teknolojia ya jukwaa ambao idara zetu zimeusahau, ingawa ziliuanzisha zenyewe.

TEKNOLOJIA ISIYOITWA TEKNOLOJIA

Sasa tuingie katika kiini cha tahakiki yetu. Kosa kubwa la wasomi wetu ni kuamini kwamba wanatoka mahali pasipo na teknolojia kwenda mahali penye teknolojia. Imani hii ni kasumba, na haina ukweli.

Tazama mashindano ya ngoma za Kisukuma kati ya Bagalu na Bagika, yanayofanyika baada ya mavuno. Vikundi viwili hucheza wakati mmoja, katika uwanja mmoja, kila kimoja upande wake. Hakuna jaji mwenye karatasi. Watazamaji wenyewe ndio kura: wanakohamia kwa wingi ndiko kwenye ushindi. Kwa hiyo kila kiongozi wa ngoma hana budi kujua namna ya kuvuta macho na masikio ya maelfu ya watu walio huru kuondoka muda wowote. Hutumia wimbo mpya, mavazi, vinyago vya mbao, wanyama, vituko vilivyofichwa hadi dakika ya mwisho. Ni ukumbi gani wa Ulaya unaompa mtazamaji uwezo huo? Huko amekata tiketi, amefungiwa gizani, na kiti chake kimeelekezwa upande mmoja.

Tazama sauti. Ngozi ya ngoma iliyolegea husogezwa motoni ikakazwa hadi itoe mlio unaotakiwa. Njuga za miguuni hupeleka mdundo hadi kwa wasioiona miguu. Mwimbishaji hutupa mstari mfupi, na waitikiaji huubeba hadi mwisho wa uwanja. Hivyo aliye mbali husikia maneno kwa kinywa cha jirani yake. Tazama mwanga. Ngoma hupangwa jua likiwa limeshuka, vumbi likiwa jekundu, na kivuli cha mchezaji kirefu. Tazama chombo. Katika bugobogobo jembe hurushwa hewani na kudakwa kwa mpigo. Chombo cha uzalishaji na chombo cha jukwaani ni kitu kimoja, wala hakuna stoo ya kukodi vifaa.

Haya yote ni elimu ya nafasi, ya sauti, ya mwanga na ya umati. Kwa kuwa hayajaandikwa kwa jina hilo, mwanafunzi wa mwaka wa tatu humaliza shahada akijua sehemu za ukumbi wa London na hajui duara la Lagangabilili linakaaje. Je, watu mia tano huketi vipi ili wote waone? Watoto mbele, wazee kwenye vigoda, vijana wamesimama, wa nyuma juu ya mkokoteni. Huo ni ukumbi wenye ngazi, na umejengwa kwa dakika kumi.

Mfano mwingine ni wa jirani zetu Kenya. Huko Kamiriithu, Limuru, mwaka 1977, wakulima na wafanyakazi, wakishirikiana na marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o na wenzake, walijijengea ukumbi wa wazi wa kukaa watu zaidi ya 2000. Vijana wa hapo waliupanga kwanza kwa njiti za kiberiti chini ardhini. Mchezo wao ulipigwa marufuku mwezi Novemba mwaka huo huo, na mwaka 1982 serikali ya wakati ule ikatuma polisi kuubomoa ukumbi. Tujiulize: kwa nini majengo makubwa ya maonyesho yaliyorithiwa kwa wakoloni yaliachwa yamesimama, na yale ya mbao na mianzi yakabomolewa? Kwa sababu watawala walielewa jambo ambalo wasomi wengi hawajalielewa: jukwaa lililojengwa na watu wenyewe lina nguvu kuliko jukwaa walilopewa.

TUSIANGUKIE KOSA LA PILI

Hata hivyo, mwenye kukwepa shimo asiangukie kisima. Wako wanaotumia hoja kama hizi kusema kwamba mkulima hahitaji umeme wala kipaza sauti, kwamba asili yake inamtosha. Huo si uzalendo. Ni dharau iliyovikwa ngozi ya sifa. Mkulima anayepima pamba yake kwenye mzani na kutuma fedha kwa simu anaijua teknolojia vizuri. Anachokataa ni kudanganywa nayo.

Mikutano hii ina jambo moja la maana kuliko taa zote, nalo ni usalama wa mfanyakazi na mtazamaji. Mwaka 1903 ukumbi wa Iroquois mjini Chicago uliungua na kuua watu zaidi ya 600. Kutokana na vifo vile sheria za milango, njia za kutokea na kinga za moto katika majumba ya maonyesho zilikazwa. Maarifa yale yamelipiwa kwa damu. Ni upumbavu kutoyachukua. Hapa kwetu ukumbi wa Chuo cha Sanaa Bagamoyo uliungua mwaka 2002, ukajengwa mwingine. Taifa lililokwisha kuona ukumbi wake ukigeuka majivu lina haki na wajibu wa kupeleka watu kujifunza jinsi nyaya zinavyolazwa, jinsi mzigo unavyoning'inizwa juu ya vichwa vya watu, na mlango unavyofunguka kuelekea nje.

Lakini nani hupelekwa? Kwa kawaida ni mhadhiri mwenye cheo, na siyo fundi anayepanda ngazi kufunga taa. Huu ni mgawanyo wa kitabaka ndani ya idara yenyewe: wa akili huruka na ndege, wa mikono hubaki akifagia jukwaa. Kisha aliyeruka hurudi na cheti, na aliyebaki hupigwa na umeme.

KUJIKOSOA

Haitakuwa haki kuwakosoa wasomi na kujiachia sisi makada. Sisi pia tumeitendea sanaa vibaya. Tumezifanya ngoma kuwa pambo la kupokea wageni. Tunawaweka akina mama na vijana juani tangu asubuhi, mgeni anafika alasiri, bugobogobo inapewa dakika tano, kisha mshereheshaji anawakatiza kwa muziki wa spika ili hotuba ianze. Tunalipia spika; wachezaji tunawapa soda. Katika miaka ya 1970 ngonjera na kwaya zilitumika kueneza siasa, na kazi ile ilikuwa na faida yake, lakini mara nyingi tuliridhika na kaulimbiu zilizopangwa vina, tukasahau kwamba sanaa inayomwambia mtu analolijua tayari haimfundishi kitu.

Mwandishi huyu ameshiriki katika makosa hayo. Amewahi kupanga ratiba za aina hiyo, na amewahi kumwambia kiongozi wa ngoma "fupisheni". Siku jenereta ya wanafunzi ilipozima, naye alikuwa wa kwanza kutafuta petroli. Hakuwaza kuwaambia: "Zimeni kila kitu, ingieni ndani ya duara, anzeni upya." Akina mama walilijua hilo kabla yake.

NINI KIFANYIKE

Tahakiki isiyotoa njia ni manung'uniko. Kwa hiyo tunapendekeza mambo yafuatayo, yajadiliwe vyuoni na katika madarasa ya itikadi.

Kwanza, idara inayotaka kuhudhuria mkutano wa teknolojia ya jukwaa ianzie uwanjani. Kabla ya tiketi, wajumbe wakae na vikundi vya ngoma, wapime duara, sauti na mwendo wa umati, wachore. Waende na mchoro huo. Mwaka 2025 maonyesho ya kimataifa ya ubunifu wa jukwaa ya OISTAT yalifanyika Sharjah, katika Ghuba, ng'ambo ya bahari ambayo babu zetu waliivuka kwa majahazi. Dunia ya jukwaa inatusogelea. Mtu aliyebeba elimu ya mashindano ya Bagalu na Bagika haendi huko kama ombaomba, anakwenda kubadilishana.

Pili, katika kila msafara awemo fundi. Idara isiyoweza kumpeleka fundi ijiulize kama inahitaji kumpeleka mtu mwingine yeyote.

Tatu, kisinunuliwe wala kupokewa chombo ambacho hakuna mtu nchini awezaye kukifungua na kukitengeneza. Fundi redio wa mnadani aitwe chuoni, aonyeshwe mtambo, na kauli yake iheshimiwe.

Nne, mtihani wa mwanafunzi wa sanaa za maonyesho uwe na sehemu inayofanyika kijijini bila umeme. Anayeweza kushika watu mia tano kwa sauti yake na duara lake atautumia umeme vizuri siku utakapokuwapo.

Tano, taarifa ya safari isiishie kabatini. Watu waliolipa kodi waonyeshwe kilicholetwa, kwa vitendo, uwanjani, na wawe na haki ya kuhamia upande wa pili kama hakiwafai. Hiyo ndiyo kura ya Kisukuma, na hakuna ripoti inayoweza kuidanganya.

HITIMISHO

Mgongano uliopo hapa haumo kati ya kijiji na teknolojia, wala kati ya nyumbani na ugenini. Umo kati ya maarifa yanayorudi kwa watu na maarifa yanayowapita juu ya vichwa. Svoboda alitoka karakanani. Vijana wetu walirudi kutoka China na sarakasi miilini mwao. Malya ilipokea chuo kikuu na kukipa somo. Njia ipo na imekwisha kupitwa. Kazi yetu ni kuifyeka upya.

Wanafunzi wale wa jenereta, kabla ya kuondoka Lagangabilili, walifanya jambo moja ambalo limemfanya mwandishi huyu aandike kwa matumaini. Jua lilipokuwa linazama waliomba ruhusa kwa akina mama, wakaingia katikati ya duara, wakaonyesha sehemu ya mwisho ya mchezo wao bila waya wala taa, huku wimbo ukiwasindikiza. Hawakusikika wote vizuri, na wawili walisahau maneno. Lakini binti mmoja alipolia kwamba anataka kusoma, uwanja ulinyamaza, na mzee mmoja akasimama kumjibu. Mjadala ule uliendelea mpaka giza likaingia.

Hapo mkutano ulikuwa umefanyika. Waliosafiri kuja hapa walikuwa wameanza kujifunza, na sisi wenyeji pia.